Kelele Kwenye Redio Ndogo: Ya Kufanya Kabla na Baada ya Kuongeza Kichujio cha Kidijitali

Yaesu FT-817 ni redio ambayo wanaredio wa ridhaa wengi wameing'ang'ania miaka nenda miaka rudi, hata baada ya kununua nyingine kubwa zaidi. Ilitoka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikiwa na bendi za mita 160 hadi sentimita 70 ndani ya kasha linaloingia kwenye mkoba wa bega, na kwa wati 5 tu imewafikisha watu mabara ya mbali. Mdogo wake, FT-818 ya mwaka 2018, aliongezewa wati 1 na betri kubwa kidogo. Kitu kimoja hawakupewa wote wawili: uwezo wa kusafisha kelele kwa njia ya kidijitali. Ukitafuta kituo dhaifu kwenye mita 40 usiku, ule mvumo unakaa masikioni bila kupumzika, na baada ya saa nzima ya hedifoni kichwa kinachoka kabla ya betri.

Redio ndogo zilizofuata zilitatua jambo hilo kiwandani. Elecraft KX3 ya mwaka 2012, KX2 ya mwaka 2016 na Icom IC-705 ya mwaka 2020 zote zina kitufe cha kupunguza kelele. Wenye FT-817, na wenye redio ndogo nyingine za kuunganisha wenyewe, wanauliza kama na wao wanaweza kujiongezea huduma hiyo. Wanaweza, na wengi wao ningewashauri waongeze. Ila kifaa cha kazi hiyo, yaani kichujio cha kidijitali, kikae mwisho wa foleni, baada ya antena, baada ya kushughulikia vyanzo vya kelele, na baada ya kuvitumia vizuri vitufe ambavyo redio inavyo tayari. Anayeanza nacho hutoa fedha nzuri kisha husikia kelele ileile, ila imebadilishwa umbo.

Tuanze na namna kinavyofanya kazi, kwa sababu ukiielewa utajua pia kitakapokuangusha. Mbinu iliyozoeleka zaidi inatokana na kazi ya Bernard Widrow na mwanafunzi wake Ted Hoff wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ya mwaka 1960. (Hoff huyohuyo baadaye alikuwa miongoni mwa waliobuni 4004 ya Intel, prosesa ya kwanza kuuzwa ikiwa kwenye chipu moja, mwaka 1971, hivyo kifaa chako cha leo kimerithi kazi zake zote mbili.) Kichujio kinachukua sauti iliyopita punde tu na kujaribu kuitumia kukisia sauti inayofuata. Mtu akitamka irabu, wimbi lake linajirudia mara nyingi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo linakisika. Mlio wa Morse unakisika zaidi. Mvumo wa kelele haujirudii, haukisiki. Kinachokisika kinapitishwa, kisichokisika kinapunguzwa, na kichujio kinajirekebisha wakati wote kadiri sauti inavyobadilika. Ukigeuza hesabu hiyohiyo, ukatupa kinachokisika na kubakiza kingine, unapata kile kichujio kinachofuta mluzi wa mtu anayerekebisha antena yake juu ya mazungumzo yako.

Mbinu ya pili, iliyoelezwa na Steven Boll mwaka 1979, huigawa sauti katika vipande vya masafa, hupima kelele ya kila kipande wakati hakuna anayeongea, kisha hutoa kiasi hicho. Inasafisha sana, lakini huacha nyuma vilio vidogo vidogo vinavyorukaruka ambavyo wengine hawavivumilii. Ya tatu ni ya mitandao ya neva iliyofunzwa kwa sauti za watu, mfano RNNoise ya Jean-Marc Valin iliyotoka mwaka 2017. Hiyo inaweza kushangaza kwa usafi wake kwenye mazungumzo, lakini ikumbukwe imefunzwa kubakiza maongezi. Ukiipa Morse, inaweza kuiona kuwa kelele na kuifuta.

Sasa tazama tatizo linalojificha humo. Irabu zinapita salama, lakini herufi s, f, sh na h zenyewe ni mvumo wa hewa. Kichujio hakina namna ya kujua kwamba mvumo huu umetoka kinywani na ule umetoka kwenye chaja ya jirani. Ukikipandisha mno, hizo ndizo zinaondoka kwanza. Katika mazungumzo ya Kiswahili hasara hiyo haionekani haraka, maana karibu kila silabi imebeba irabu na sikio linajaza pengo. Kwenye ishara ya kituo, ambako F na S zinasimama peke yake na hakuna sentensi ya kukusaidia kukisia, ndipo inapouma. Ndiyo maana nasema wazi: kifaa hiki kinapunguza uchovu kuliko kinavyoongeza uwezo wa kusikia. Kituo ambacho sikio lako halikishiki hata silabi moja bila kichujio, usitegemee kitafufuka nacho. Lakini kituo unachokisikia kwa taabu, ukakisikiliza kwa saa nzima bila kuumwa kichwa, hilo ni jambo kubwa, na linatosha kuhalalisha gharama.

Kabla ya gharama hiyo kuna kipimo kisichogharimu chochote. Iweke redio kwenye betri yake, unganisha antena yako ya kawaida, chagua bendi unayoipenda na utazame kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kisha zima umeme wa nyumba nzima kwenye swichi kuu. Kama kelele imeanguka, chanzo kiko ndani ya kuta zako na hakuna kichujio kitakachofanya kazi nzuri kuliko kukiondoa. Washa mstari mmoja mmoja, chumba kwa chumba, mpaka kelele irudi. Mara nyingi mkosaji ni chaja ya bei rahisi, balbu ya LED au kisanduku cha televisheni, kifaa kidogo ambacho kuking'oa hakumpi mtu shida.

Kama kelele haikushuka, toka nje na redio. Hapa ndipo udogo wa FT-817 unapokuwa faida ambayo mwenye redio ya mezani hana. Chomeka antena fupi, iweke kwenye AM, tembea kuizunguka nyumba na kando ya uzio. Kelele itaongezeka unapokaribia chanzo. Tikitiki ya mara moja hivi kwa sekunde ni uzio wa umeme, na kwa kawaida uzio mzima haulii hivyo. Unalia pale unapovuja, majani yalipogusa waya au kihami kilipopasuka. Kufyeka majani ni tiba halali kabisa. Mngurumo mzito unaopungua au kutoweka mvua ikinyesha huwa unatoka kwenye nyaya kubwa, vihami vikiwa na vumbi au kifungo kilicholegea. Andika namba ya nguzo, toa taarifa kwa shirika la umeme, usiiguse.

Sola inastahili maneno zaidi, kwa kuwa kwetu Afrika Mashariki wengi tunaitegemea na wengi tunachajia redio kwayo. Kontrola ya sola hukata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na nyaya ndefu zinazopanda hadi kwenye paneli ni antena nzuri kuliko tunavyopenda. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kelele inakuja jua likipanda na kuondoka jua likizama, au inageuka mingurumo ya mkupuo betri inapokaribia kujaa. Ukiwa unasikiliza, tenganisha paneli na utumie betri peke yake. Anza na waya wa paneli, si wa betri, maana kontrola nyingi huharibika zikiachiwa paneli bila betri. Kwa dawa ya kudumu, zungusha nyaya za paneli na za betri kwenye pete za feraiti ya aina ya 31, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya masafa yetu. Idadi ya mizunguko ndiyo yenye nguvu: ukiizidisha mara mbili, uzuiaji huongezeka karibu mara nne, hivyo pete moja yenye mizunguko minane inashinda msururu wa vipande vya kubana ambavyo waya umepita mara moja tu.

Feraiti hiyohiyo inahitajika kwenye waya wa antena. Ngozi ya nje ya koaksi hukusanya kelele ya nyumba na kuipeleka hadi mahali antena inapolishwa, na kutoka hapo inaingia redioni ikiwa imevaa nguo za mawimbi halali. Wanaotumia waya mrefu unaolishwa mwishoni huumia zaidi, kwa sababu mara nyingi koaksi yenyewe ndiyo imefanywa nusu ya pili ya antena. Mizunguko kumi na zaidi ya koaksi nyembamba kwenye pete ya aina ya 31, karibu na mahali waya unapoingia nyumbani, imewapa watu utulivu ambao kifaa cha fedha nyingi hakikuwapa.

Nataka kuweka namba hapa ili uone ukubwa wa jambo. Hati ya Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU-R P.372, ina kanuni za kukadiria kelele inayotokana na shughuli za binadamu. Kwa kanuni hizo, kati ya mjini na shamba kuna tofauti ya karibu desibeli 10. Kati ya mjini na shamba tulivu lililo mbali na kila kitu, kwenye megahezi 7, tofauti inafika takriban desibeli 24, yaani hatua nne za S. Redio ya mkobani imetengenezwa ili ibebwe. Ukipanda nayo kilimani Jumamosi moja, umeshapata kichujio ambacho hakuna kiwanda kinachokiuza.

Tugeukie redio yenyewe. FT-817 ina vitufe vinne ambavyo wengi hawavigusi: IPO inayozima kikuzaji cha mbele, ATT inayopunguza mawimbi yanayoingia, kizuia milipuko kilichoandikwa NB, na kidhibiti cha RF, yaani cha nguvu ya kupokea. Kwenye bendi za chini, mita 80 na 40, kelele inayoingia kwa antena inazidi sana kelele ya redio yenyewe, kwa hiyo kikuzaji cha mbele hakikusaidii kitu. Kizime. Pete ya nje inayozunguka kirungu cha sauti inaweza kupangwa kwenye menyu iwe kidhibiti cha RF badala ya kiziba kelele. Ipange hivyo, kisha iteremshe mpaka mvumo uzame huku kituo kikibaki juu yake. Ni hatua ndogo, lakini ina uhusiano wa moja kwa moja na kile utakachokinunua baadaye, kwa sababu ya AGC.

AGC ni mfumo unaoishusha redio nguvu yake ya kupokea pale kitu chenye nguvu kinapoingia. Haujali kama kitu hicho ni kituo au kelele. Kisanduku cha kichujio cha kidijitali unachokiongeza kwa nje kinakaa baada ya AGC, mwishoni kabisa, kwenye sauti. Kelele ikiwa na nguvu, AGC imeshaiteremsha redio kabla kisanduku hakijaletewa chochote, na kisanduku hakiwezi kurudisha kile ambacho hakikufika. Redio kama IC-705 zina nafuu hapa kwa sababu uchujaji wao wa kidijitali unaanza mapema kwenye njia ya mawimbi. Wewe mwenye kisanduku cha nje, kidhibiti cha RF ndicho mkono wako wa kuisaidia AGC isidanganyike. NB nayo ifanye kazi yake kwenye milipuko mifupi, mfano tikitiki ya uzio au cheche za plagi ya pikipiki inayopita, kwa kuwa milipuko ikishapita kwenye kichujio chembamba hurefuka na kuwa migumu kukatwa.

Kuna pia nafasi moja ya kichujio cha ziada ndani ya FT-817. Yaesu walikuwa wakiuza vya Collins vya kimakanika: YF-122S kwa ajili ya sauti, YF-122C chenye upana wa hezi 500 kwa Morse. Fanya hesabu: ukitoka upana wa kilohezi 2.4 hadi hezi 500, kelele inayopita inapungua kwa karibu desibeli 7. Ili mwenzako akupe ongezeko hilohilo, angelazimika kuzidisha nguvu zake karibu mara tano. Na kichujio hiki kinakaa kabla ya AGC. Anayefanya Morse peke yake, akikuta YF-122C kwa bei isiyo ya dhuluma, ainunue kabla ya kisanduku chochote cha kidijitali. Tatizo ni kwamba sasa vinapatikana kwa kuviziana tu, mikononi mwa watu.

Umefanya hayo yote na bado kuna kelele. Sasa kifaa kina mahali pake.

Kwa watu wengi napendekeza kisanduku cha nje, kinachokaa kati ya tundu la hedifoni na hedifoni au spika yako. Kampuni ya bhi ya Uingereza imejijengea jina kwa kazi hii, na Compact In-Line yao ni ndogo na inaweza kutumia betri mbili za AA, jambo la maana kwa mtu anayepanda mlima. SOTABEAMS, nao wa Uingereza, wametengeneza vichujio vya sauti wakiwalenga haswa watu wa vilimani. Uzuri wa kisanduku ni kwamba redio haifunguliwi, na kesho ukiiuza FT-817 kisanduku kinahamia kwenye redio nyingine. Kazi yote iko upande wa kupokea, hivyo hakuna unachobadilisha kwenye mawimbi unayorusha.

Kabla ya kuchomeka, tazama kiswichi kidogo kilicho karibu na tundu la sauti la FT-817. Kina nafasi mbili, hedifoni na spika. Kikiwa kwenye spika, sauti inayotoka inaweza kuumiza masikio ya mwenye hedifoni, na inaweza pia kukizidia kisanduku kilichotarajia sauti ndogo. Kwenye hedifoni, visanduku vingine vitalalamika kwamba sauti haitoshi. Soma mwongozo wa kisanduku chako ujue kinataka kipi. Kisha weka kirungu cha sauti cha redio mahali pa wastani, ukiache hapo, na uongeze au upunguze kwa kirungu cha kisanduku. Ukiona sauti inakwaruza kwenye vilele vya maneno, redio inakisukumia kisanduku sauti kubwa mno, na kichujio hakiwezi kukisia wimbi lililokatwa kichwa. Watu hulaumu hesabu za kidijitali kwa kosa ambalo ni la kirungu.

Tahadhari ya nyaya. Baadhi ya visanduku vyenye kikuza sauti chao huendesha spika kwa waya mbili ambazo hakuna hata moja iliyoungwa na ardhi. Ukiunganisha mojawapo na kasha la redio, au na plagi inayogusa ardhi ya pamoja, unaweza kuunguza kikuza sauti papo hapo. Na ukilisha redio na kisanduku kutoka betri moja, umeme unaweza kuzunguka kupitia ardhi ya waya wa sauti na kuleta mluzi mwembamba unaobadilika kadiri kisanduku kinavyofanya kazi. Betri tofauti huumaliza mluzi huo mara moja. Asiyetaka betri ya pili aweke transfoma ndogo ya sauti yenye uwiano wa moja kwa moja (1:1) kati ya redio na kisanduku. Kumbuka pia kwamba kisanduku chenyewe ni kompyuta ndogo, na kompyuta hutoa kelele. Kiweke mbali na waya wa antena na ukivishe feraiti kwenye waya wa umeme. Ukikisikia kwenye bendi, umenunua ugonjwa pamoja na dawa.

Wapenzi wa Morse wana jambo lao. Kichujio cha kidijitali huchelewesha sauti kidogo ili kipate muda wa kupiga hesabu. Kwenye mazungumzo huuoni ucheleweshaji huo. Lakini kwenye FT-817 mlio unaousikia ukibonyeza ufunguo unapita njia ileile ya sauti, unaingia kisandukuni na kukufikia umechelewa. Mkono unatangulia, sikio linafuata, na mtu anayetuma vizuri siku zote anaanza kujikwaa. Kama mwendo wako ni wa pole huenda usisumbuke. Kama ni wa haraka, hakikisha kisanduku kina swichi ya kukipita, na uizoeze kidole gumba.

Moduli ya ndani ni ya watu wenye mkono mwepesi wa kulehemu. bhi hao hao wametengeneza bodi ndogo inayoingia ndani ya FT-817 na kukatiza njia ya sauti ikiwa bado ndogo, kabla ya kirungu cha sauti. Faida yake ni kwamba spika ya redio, hedifoni na kirungu vinabaki kufanya kazi kama kawaida, na mkobani hakuna kitu cha pili cha kubeba. Ila angalia unachokifungua. Spika imefungwa kwenye mfuniko wa juu, na waya wake mwembamba unaishia kwenye plagi ndogo iliyoko kwenye bodi. Anayeunyanyua mfuniko kwa haraka anaung'oa waya huo. Ukishalegeza skrubu, nyanyua upande mmoja polepole, chungulia, chomoa plagi kwa kibano cha ncha laini bila kuvuta waya, kisha ndipo uuweke mfuniko kando. Njia za shaba za bodi ni nyembamba na joto likizidi zinabanduka. Fundi simu mzuri, mwenye hadubini ya mezani, anaifahamu kazi hii kuliko fundi redio wa zamani mwenye pasi kubwa ya kulehemu, na sioni aibu kumpelekea. Mpe mchoro wa maelekezo, ukae naye.

Kuna njia ya tatu kwa mwenye kompyuta ndogo au bodi ya majaribio. Nyuma ya FT-817 kuna tundu la data lenye pini sita. Pini ya 5 hutoa sauti ya kiwango kimoja isiyofuata kirungu. Sauti hiyo ukiipeleka kwenye kompyuta yenye programu ya kupunguza kelele, au kwenye Teensy 4.1 yenye bodi yake ya sauti, unaweza kujaribu mbinu zote tatu nilizozitaja na kuchagua sikio lako linapenda ipi. Vijana wanaosoma elektroniki nawasihi waanzie hapa. Kichujio cha Widrow na Hoff kinaandikika kwa mistari michache ya programu, na hakuna somo la hesabu linaloshika haraka kuliko lile unalolisikia kwenye hedifoni. Kwa matumizi ya porini, hata hivyo, nyaya zinakuwa nyingi mno.

Katika kukitumia, kanuni yangu ni hii: tafuta kituo dhaifu, anza kichujio kikiwa kimezimwa, ongeza hatua moja moja. Kuna hatua ambapo mvumo unashuka ghafla na mabega yako yanalegea. Ukiendelea kupanda, utafika mahali mtu anasikika kama anaongea akiwa ndani ya tangi la maji. Rudi hatua mbili. Hapo ndipo mahali pako kwa bendi hiyo na usiku huo, na kesho patakuwa pengine. Usipime ubora kwa ule ukimya unaokuja kituo kinapomaliza kusema. Ukimya unapendeza, lakini haukuandikii chochote daftarini. Pima kwa ishara za vituo na namba. Sikiliza vituo vitano kikiwa kimewashwa na vitano kikiwa kimezimwa, andika ulichoshika, linganisha. Wengine wetu hugundua kwamba kwenye vituo hafifu kabisa sikio tupu lenye mazoezi linashinda, na kichujio kinastahili kungojea mazungumzo marefu.

Ukitumia FT8 au njia nyingine za kidijitali, kizime kabisa. FT8, iliyoletwa na Joe Taylor na Steve Franke mwaka 2017, imeundwa kuchimba mawimbi chini ya kelele kwa hesabu zake yenyewe, na inataka sauti ambayo haijaguswa.

Na radi? Ukanda wetu, kuanzia bonde la Kongo hadi Ziwa Viktoria, ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani, na majira ya masika bendi za mita 80 na 40 hujaa milipuko. Hapa kichujio cha kidijitali hakina msaada mkubwa: mlipuko wa radi ni mrefu mno kwa NB, na una nguvu mno kwa hesabu za kukisia. Teremsha RF, punguza sauti, hamia mita 20 au juu zaidi. Kama radi iko karibu, chomoa antena na ukae mbali nayo. Hilo halina mjadala.

Betri nayo ipigiwe hesabu. FT-817 hula takriban miliampea 450 ikipokea, na betri ya miliampea-saa 1400 huchoka baada ya saa tatu hivi. Kisanduku chenye spika yake kinaweza kuongeza sehemu kubwa ya matumizi hayo ukifungulia sauti, ilhali kwa hedifoni kinakula kidogo. Beba hedifoni.

Kwa anayeuliza kama auze FT-817 anunue redio mpya yenye kila kitu, jibu langu ni kwamba kama fedha ipo na kupunguza kelele ndiyo haja yako kuu, IC-705 au KX2 itakufaa kuliko kiraka chochote. Kama fedha haipo, au redio yako unaipenda, tumia wiki mbili kwenye antena, feraiti na kidhibiti cha RF, kisha ununue kisanduku cha nje chenye swichi ya kukipita. Usiifungue redio inayofanya kazi vizuri mpaka kisanduku cha nje kimekuthibitishia kwamba masikio yako yanakihitaji kichujio hiki kila siku.